Nilimwandikisha Mume Wangu Ngoma za Asili, Lawama Zikamwangukia Rafiki Yake

Admin, shikamoo kama umenizidi, na kama ni mwanangu basi marahaba. Jina langu naomba ulifiche. Nawasalimu wote mnaosoma, kina mama wenzangu, kina baba, vijana. Sisi huku Kigoma tunaendelea. Baba watoto mzima ila hasemi, kitinda mimba wangu mzima yuko bweni, bibi mwenye nyumba mzima na kuku wake wazima. Watoto wangu wakubwa wawili walichukuliwa Marekani kwa safari za wakimbizi, nasikia nao hawajambo. Watu wa nyumbani ndio hao, wamekwisha.

Nina miaka hamsini na sita, shule niliishia la tatu. Tulivuka ziwa kutoka Kongo wakati wa vita, mimi nimebeba mtoto, mume wangu kabeba saksafoni. Pale ufukweni watu walimcheka, wenzako wamebeba unga wewe umebeba bomba! Mmoja tu hakucheka, Muha, mwenyeji wa Bangwe hapa Kigoma, mpiga gitaa. Alisema, "Bomba hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta." Akatupa chumba kwake mpaka tulipopata pa kupanga. Tangu hapo hao wawili ni kama pacha, wana bendi yao ya jazi, wanapiga harusini, ingawa siku hizi watu wanataka dijei.

Mwaka huu zikatangazwa tuzo za muziki za hapa kwetu. Nikasema nimfurahishe mume wangu bila kumwambia. Nikaenda kumwandikisha. Binti wa fomu akaniuliza, "Mama, anaimba nini?" Nikamwambia haimbi, anapuliza jazi. Akacheka. "Jazi haipo, mama. Kuna bongo fleva, singeli, injili, taarabu na ngoma za asili. Chagua, watu wanasubiri." Taarabu hajui, injili ningemdanganya Mungu. Nikasema basi weka ngoma za asili, si ni mzee. Akauliza, "Kazaliwa wapi?" Hapo moyo ulinipasuka. Sisi wakimbizi mtu mwenye kalamu akituuliza tumezaliwa wapi tunaogopa, hata kama hatuna kosa. Nikajibu Bangwe. Ndiyo iliyonijia, kwa yule rafiki yake.

Siku majina ya walioandikishwa yanasomwa redioni tulikuwa sokoni Katonga tunanunua dagaa. Tukasikia jina la mume wangu, mzaliwa wa Bangwe, ngoma za asili. Mtangazaji akaongeza, "Mzee aje na njuga zake!" Katonga nzima inamjua, wakaangua kicheko. "Mzee, ngozi ya mbuzi unayo au tukuazime?" Mwingine, "Kumbe weye Mkongomani umezaliwa Bangwe!" Jamani, huyu ni mtu asiyepuliza bila tai shingoni. Aliacha dagaa palepale akaondoka. Njiani akaniambia, "Ni yeye mpiga gitaa. Bangwe ni kwake. Miaka yote kumbe anaona haya kupiga na mkimbizi, sasa kanigeuza mtu wa kwao." Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Nikayameza.

Rafiki yake amekuja mara tatu. Anasimama mlangoni, "Shemeji, nimemkosea nini mwenzangu?" Mume wangu kutoka ndani ananinong'oneza, "Mwambie nimelala." Saa nne asubuhi hiyo! Na mimi, Mungu anisamehe, namwambia, "Amelala, shemeji." Mara ya mwisho nilimkaribisha uji, akakishika kikombe tu mpaka uji ukapoa, akaondoka.

Wiki ya tatu sasa saksafoni haijatolewa kwenye mfuko. Zamani nilikuwa nagomba, punguza kelele, mtoto amelala. Sasa nyumba nzima nasikia sufuria zangu tu. Watoto wako mbali, ndugu zangu waliobaki ng'ambo ya ziwa sijui nani yuko hai. Mtu wangu wa kuongea naye ni mmoja, naye anakula akiangalia ukuta.

Nikisema ukweli naogopa atanichukia, na mimi nikifukuzwa hapa sina kwetu, si upande ule wala huu. Nikinyamaza, aliyetupa chumba anabeba kosa langu. Na ametuma ujumbe: Ijumaa anakuja kuaga, bendi basi, gitaa anampelekea mwanawe Tabora.

Nishaurini ndugu zangu, nianze kwa mume wangu au kwa shemeji? Kusoma nasoma polepole, andikeni kwa kifupi, na mjibu upesi kabla ya Ijumaa. Akibisha hodi, mlango nafungua mimi.