Ruhusa ya Shangazi Waya

Aliyetutandazia mtandao hapa hospitalini tunamwita Shangazi Waya. Ana miaka hamsini na sita, miwani aliyoifunga kwa uzi, na mkoba wa zana ambao ukiugusa bila kumwambia utajuta. Alianza kazi enzi za simu za mezani. Mimi ni karani wa mapokezi, mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo nitasema yote.

Kosa lilikuwa langu. Nilichoka kuulizwa neno la siri la waifai kila dakika, nikaliandika kwa kalamu nene na kulibandika dirishani kwangu. Basi, foleni nzima ya wagonjwa ikaingia mtandaoni. Siku moja printa ya maabara, badala ya majibu ya damu, ikatoa tangazo la mbuzi wanane wanaouzwa, na picha ya beberu juu yake. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, lakini daktari mkuu hakucheka hata kidogo. Alisema kama mbuzi wanaweza kuingia, basi na siri za wagonjwa zinaweza kutoka. Akamwita Shangazi mbele ya watu.

"Mama, mambo ya siku hizi yamekuzidi. Ijumaa iwe mwisho wako, kazi tunaipa kampuni."

Na mimi, mwoga mkubwa, badala ya kukiri nikaibandua karatasi yangu nikaificha kwenye droo. Naona aibu hadi leo.

Shangazi hakubishana. Alisema tu, "Sawa, daktari. Lakini siondoki nikawaacha hivi."

Alhamisi asubuhi akatoa stoo kisanduku cha ulinzi kilichokuwa kinakula vumbi huko, akakifunga ndani ya kabati la mitambo. Akanieleza kwamba neno moja la watu wote limekwisha. Kila mfanyakazi atakuwa na jina lake na neno lake la siri, na kisanduku kitamkagua kabla ya kumruhusu. Tena yale yanayopita hewani yatavurugwa, mtu wa pembeni akiyanasa asiambulie kitu. Wageni watakuwa na mtandao wao kando, usiofika kwenye printa wala kwenye mafaili.

"Na mbuzi je?" nikauliza.

"Mbuzi watabaki kwenye foleni. Na ile karatasi yako ukaichane."

Kumbe alijua! Nilitamani ardhi inimeze.

Tukaenda kwake mmoja mmoja. Mtu akiandika neno lake, Shangazi anageukia ukutani. Muuguzi wa zamu alilitamka lake kwa sauti huku akiandika, akafukuzwa akatafute jingine. Mfagiaji akauliza kwa woga, "Hata mimi?"

"Kwani wewe hufanyi kazi hapa? Kaa, andika."

Ilipofika saa sita tulikuwa watu thelathini na mmoja. Shangazi akahifadhi mabadiliko. Simu zetu zikaunganika, maabara wakapiga vigelegele. Kompyuta yake peke yake ikaandika: umekataliwa. Akajaribu tena. Umekataliwa.

"Ala!" Akaipekua orodha kwa kidole. "Mungu wangu, nimewaandika wote, nimejisahau mwenyewe!"

Nikaangua kicheko, halafu nikaona yeye hacheki, nikakimeza. Na daktari naye, kama aliyeitwa, akaingia.

"Kuna nini tena?"

Sikuvumilia. "Daktari, ile karatasi niliibandika mimi! Huyu hana kosa lolote."

"Hebu nyamaza, nina kazi," Shangazi akanikata. Akachomeka waya moja kwa moja kwenye kisanduku, akaingia kwa neno kuu la siri alilokiwekea mwenyewe, akaanza kujiandikisha. Daktari akachungulia simu yake mwenyewe. Ilikuwa imeunganika. Akasogea, akasimama nyuma ya kiti.

Jina, akajaza. Kazi, akajaza. Mwisho kisanduku kiliuliza ruhusa ya mtu huyu inakoma lini. Sisi wote alituachia wazi. Kwake akaandika: Ijumaa. Wala hakuwa anamsuta mtu, alikuwa anajaza fomu inavyotakiwa.

Daktari akauwekea ule mstari kidole.

"Futa hiyo," akasema.

"Niandike lini?"

"Usiandike kitu. Acha wazi kama sisi."

Shangazi akafuta. Akahifadhi kwanza, akahakikisha kompyuta yake imeingia, ndipo akavua miwani akalia kwa sauti, na daktari hakujua aiweke wapi mikono yake.