Kamanda Sehemu ya Sita

Amosi Nkwabi alikuwa na kazi ambayo pale Ruangwa hakuna mwingine aliyekuwa nayo: alicheza gemu, watu wakamtazama.

Banda lilikuwa la Biasha, mama wa Kimwera aliyekuwa akiuza vitenge sokoni kabla hajaamua kuweka televisheni kubwa na mabenchi nyuma ya duka lake. Siku za kawaida vijana walikodi mashine wakacheza mpira. Lakini Jumamosi alasiri mashine zote zilizimwa isipokuwa moja, wakaingia watu wazima: waendesha bodaboda, wanunuzi wa ufuta, walimu waliopangiwa kazi kutoka mikoa ya mbali. Amosi akashika pedi ya kuchezea. Gemu lilikuwa la vita lenye hadithi, lile ambalo mji mzima uliliita Kamanda, na huku akicheza, Amosi alitafsiri. Wazungu wakisema jambo kwenye skrini, yeye alilisema kwa Kiswahili, kila mhusika na sauti yake. Kamanda mwenyewe alimpa sauti ya baba yake mzazi, nzito, ya Kisukuma, isiyo na haraka.

Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha nne, tena cha kubahatisha. Palipomshinda, alitunga.

Sehemu ya kwanza ilikuwa nzuri, hilo hata leo halikatai. Kamanda anamtafuta mdogo wake aliyetekwa na majambazi, anampata kwenye daraja, wanarudi nyumbani kwa miguu. Basi. Ilipoisha watu wakapiga makofi, na Amosi akaona hadithi imekwisha kama shamba lililovunwa.

Mwaka uliofuata, ufuta ulipoanza kuuzwa, ikaja sehemu ya pili. Mdogo wake Kamanda ametekwa tena.

"Na majambazi walewale?" akauliza Mwalimu Laurencia, mwanamke kutoka Kagera ambaye hakukosa benchi la mbele.

"Ni ndugu zao, mwalimu," Amosi akajibu bila kugeuza shingo.

Watu wakacheka, wakaridhika. Katika sehemu hiyo kulikuwa na bibi mmoja aliyeunguliwa na nyumba, na Amosi, kwa kuwa hakuelewa maneno yake, akaamua kwamba ni mama yake Kamanda. Bibi akafa pale pale, na Amosi akamlilia kwa sauti ya Kamanda iliyowatoa watu machozi.

Sehemu ya tatu Kamanda alianguka kutoka kwenye jabali, akazama mtoni. Picha ilipoanza kuwa nyeusi, Amosi aliona mlango wa kuimaliza hadithi umefunguka. Akampa Kamanda maneno ya kuaga. Akamwombea mdogo wake maisha marefu, akawasamehe adui zake, akaomba azikwe jirani na mama. Mwalimu Laurencia alitoka na kitambaa machoni. Wiki nzima Amosi alitembea mjini akiwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo.

Sehemu ya nne ikafunguka na Kamanda akitoka majini, anakohoa, anatafuta bunduki yake. Banda likalipuka kwa shangwe. Asiyefurahi ni Amosi tu, pedi mkononi, na ilimpasa aseme neno.

"Maji yalinikataa," akasema kwa ile sauti nzito.

Wakashangilia zaidi. Na katika sehemu ya tano, yule bibi aliyezikwa akatokea mzima, amesimama jikoni anakoroga chungu, na kijana mwingine wa kwenye gemu akimwita mama. Ikabidi Amosi amzulie pacha.

Kuanzia hapo kazi ilimkaba. Alijua kabla ya kubonyeza kwamba nyuma ya mlango kuna mlinzi, kwamba daraja litavunjika, kwamba rafiki ndiye atakayesaliti. Mikono yake ilicheza yenyewe kama ya mtu anayepukuchua mahindi. Nje ya banda nako hakukuwa na nafuu, maana jina lake lilikuwa limekwisha kumezwa. Alipokwenda kung'olewa jino, daktari alimwambia apanue mdomo, akauangalia, kisha akauliza, "Kamanda, hivi mdogo wako utampata?" Na yeye, mdomo wazi, akaitikia kwa kichwa.

Siku moja alimwambia Biasha anataka kupumzika mwaka mmoja.

"Upumzike kwa lipi?" Biasha alishangaa kweli. "Gemu lenyewe limepumzika?"

"Ndiyo shida yake, mama. Lingepumzika."

"Watu wanakuja kukusikiliza wewe, Amosi. Nikimweka mwingine pale wataondoka."

Deni la zamani hakuhitaji kumkumbusha. Familia ya Nkwabi ilipofika Narung'ombe na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa, haikujua mtu. Msimu wa kwanza tu ng'ombe waliingia kwenye ufuta wa watu, na wanakijiji wakataka wageni wale waondoke na mifugo yao. Shamba lililoliwa zaidi lilikuwa la kaka yake Biasha. Ni Biasha aliyesimama kwenye mkutano akasema majirani hawafukuzwi kwa kosa la mnyama. Nkwabi hakulisahau jambo hilo, na hakuacha wanawe walisahau.

Hata hivyo Amosi alipanda bodaboda hadi Narung'ombe kumwona baba yake. Alimkuta zizini, anamkagua ndama mguu.

"Baba, nimechoka."

"Umechoka kukaa kwenye kiti?" Nkwabi hakuwa akimkejeli. Alitaka kuelewa.

Amosi akatafuta namna ya kumweleza. "Ni kama kuchunga kwenye mbuga ileile kila mwaka. Majani yamekwisha, umebaki udongo. Lakini watu wamekaa pembeni wanakutazama, na kila siku ujifanye ng'ombe wanashiba."

Nkwabi aliuachia mguu wa ndama. "Mbuga ikiisha majani tunahama."

"Ndiyo, baba."

"Sasa kwa yule mama tutahamaje?" akasema mzee. Wakamshika ndama pamoja, wakampaka dawa, na kijana akarudi Ruangwa.

Sehemu ya sita ilipofika, mabenchi yalijaa mpaka wengine wakasimama dirishani. Biasha mwenyewe alikaa mlangoni na feni ya mkono. Gemu likaanza na habari ile ile: mdogo wake Kamanda hayupo, kitanda kitupu, dirisha limevunjwa.

Amosi alifungua mdomo, sauti haikuja. Hakuwa amepanga mgomo. Alitafuta neno ambalo hakuwahi kulisema, akalikosa, na yale aliyokwisha kuyasema yakagoma kutoka. Akaendelea kucheza kimya. Kamanda akatoka nje, akapanda farasi, akasema jambo kwa Kiingereza. Kimya.

"Kamanda, mbona kimya?" mtu akapaza sauti. "Tafsiri!"

Kwenye skrini Kamanda alikutana na rafiki mpya, kijana mcheshi, wakashikana mikono. Hapo Lukman, mwendesha bodaboda mwenye mwili mkubwa, akashindwa kuvumilia. Akaikunja sauti yake ikawa nzito, ya Kisukuma, isiyo na haraka:

"Damu haiozi, ndugu yangu. Twende!"

Banda likaangua kicheko. Mwingine akamjibu kwa sauti ya yule rafiki. Benchi la nyuma likachukua majambazi. "Huyo atasaliti," Mwalimu Laurencia akasema kwa utulivu wa mtu anayesoma saa ukutani, na baada ya muda mfupi kijana mcheshi akatoa kisu. "Si niliwaambia!" Daraja lilipotokea, watu wote walianza kuhesabu kwa pamoja, na lilivunjika walipofika tatu. Mstari kwa mstari waliyasema maneno yote, na mara nyingi waliyasema kabla Kamanda hajafungua kinywa.

Amosi alisikiliza akiwa amewapa mgongo. Kwanza aliona hasira, kama mtu anayeona nguo zake zimevaliwa na wengine. Kisha ikamjia raha, kwamba hawamhitaji tena. Kisha ikamchoma, ile raha yenyewe ikamchoma, kwa maana ilikuwa inamwambia kwamba muda wote huo alijifunga mahali ambapo watu wangeweza kuendelea bila yeye.

Watu walipotawanyika Biasha alimwendea. "Leo umenifanyia nini?"

"Sijakufanyia kitu, mama. Umewasikia mwenyewe."

Biasha aligeuka kumtazama Lukman, ambaye nje bado alikuwa amezungukwa, anarudia ile sauti, watu wanashika mbavu. Akamtazama kwa muda mrefu, kwa jicho la mfanyabiashara.

"Nenda popote unapotaka," akasema mwishoni. "Baba yako nitamweleza mimi, asije akadhani tumegombana."

Amosi alikwenda Nachingwea, akapata kazi kwenye ghala la korosho, kupanga magunia na kuyashona. Ilikuwa kazi ngumu, mgongo ulimuuma, na magunia nayo yalifanana. Lakini wakulima waliyaleta wenyewe, kila mmoja na ugomvi wake kuhusu mizani, na hakuna aliyemtaka Amosi aseme kitu. Wiki za mwanzo ukimya ule ulimtisha. Akiona watu wawili wanabishana kwa mbali, midomo yake ilianza kuwapa maneno, naye akajiuma ulimi.

Sehemu ya saba ilimkuta huko. Alijiambia hatakwenda. Jumamosi akapanda basi hadi Ruangwa, akalipa kiingilio kama wengine, akajibana benchi la nyuma. Lukman alikuwa ameshika pedi. Alicheza vibaya, Kamanda akafa mara nyingi, lakini sauti ilikuwa ile ile na banda lilikuwa limejaa.

Hata kabla ya daraja, Amosi alikuwa ameanza kunong'ona maneno. Hakujua anafanya hivyo mpaka jirani yake, mnunuzi wa ufuta mgeni mjini, alipomgusa goti.

"Kaka, samahani, tuache tumsikilize huyu."

"Samahani," Amosi akasema. Alikaa dakika chache, midomo ameibana, kisha akainuka akapenya katikati ya magoti ya watu kuelekea mlangoni. Basi la mwisho la Nachingwea lilikuwa bado linapakia, na kondakta alimwonyesha kiti cha nyuma kabisa.