Chumvi ya Ng'ombe kwa Samaki wa Baharini

Nianze na ujinga wangu ili tumalizane: niliwapa samaki chumvi ya ng'ombe. Na si kidogo. Viganja viwili vilivyojaa vya ile chumvi yenye rangi ya udongo mwekundu, inayouzwa duka la dawa za mifugo. Niliimwaga kwenye tangi la kioo sebuleni kwetu Nkende, nikakoroga kwa mwiko wa ugali, nikarudi nyuma hatua mbili kutazama kazi yangu kama daktari aliyetoka kuchoma sindano. Najisema mwenyewe mapema kwa sababu nikiwaachia wengine waniseme, watasema mwiko ulikuwa bado na ugali.

Kabla hujanicheka, elewa nimekulia wapi. Kwa babu yangu, kijijini Matongo, tangu nina miaka saba, kazi yangu ya likizo ilikuwa kulambisha ng'ombe chumvi. Ng'ombe akizubaa, chumvi. Akikataa majani, chumvi. Akijitenga na wenzake, babu anapiga kelele toka mlangoni, "Mura," yaani kijana kwa lugha yetu, "huyo mpe chumvi!" na kesho yake ng'ombe huyo huyo anakimbiza watoto. Sasa mnyama mwingine akizubaa mbele yangu nimpe nini? Panadol?

Tangi alilileta baba. Miaka ile dhahabu ilikuwa imewavuruga watu vichwa, na mtu akipata, ananunua kitu ambacho hata yeye hajui anakitakia nini. Jirani yetu alinunua friji kabla hajavuta umeme, akawa anatunzia viatu. Mwingine alinunua suti tatu za rangi moja, akashuka na mojawapo duarani, yaani ndani ya shimo lenyewe la kuchimbia, akatoka humo amefanana na gunia la mkaa. Baba yangu alikwenda Mwanza kununua nyundo za karasha, ile mashine ya kusaga mawe, akarudi na bahari.

Ndiyo, bahari. Kulikuwa na mgahawa unafungwa, wenye mali wanauza kila kitu, na baba akaona samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, akasimama hapo mpaka basi likamwacha. Walikuja kwa pikapu, tangi limefungwa kwenye blanketi langu la kulalia, maji yenyewe yako kwenye madumu, samaki kwenye mfuko wa nailoni uliojazwa hewa. Kulikuwa pia na konokono wanne wa kusafisha kioo, pampu, kipasha maji, paketi kubwa ya chumvi maalumu na kipimo cha plastiki chenye mshale. Mtaa mzima ulikuja kuangalia. Mama mmoja aliuliza wanaliwa na nini. Mama yangu, ambaye anauza dagaa na sangara sokoni na amepasua samaki wengi kuliko daktari wa upasuaji, aliwatazama muda mrefu akasema, "Hawa hata kitoweo cha paka hawatoshi."

Lakini baba alikaa nyumbani siku nne. Hilo ndilo nililoliona mimi. Baba ambaye siku zote alikuwa anakuja kubadilisha shati na kuondoka, alikaa siku nne kwenye kiti mbele ya kioo, na mimi pembeni yake, tunawaangalia samaki wawili wakizungukana. Alinionyesha mshale wa kipimo unatakiwa usimame kwenye sehemu ya kijani. Alinionyesha namna ya kutoa maji kidogo kila wiki kwa mpira na kurudisha mengine yaliyochanganywa na ile chumvi ya paketi. Siku ya tano akavaa viatu vya shimoni. Akiwa mlangoni akasema, "Mura, hawa ni wa kwako sasa. Wakiishi, kila Jumamosi nitakuja kuwaona."

Wewe ungesikiaje hapo? Mimi nilisikia hivi: wakifa, haji.

Alikuja Jumamosi ya kwanza, na ya pili. Ya tatu alikuja amechelewa na kuondoka mapema. Ya nne hakuja.

Nyumba yetu ilikuwa kimya siku hizo. Dada zangu wawili wameolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, wanakuja Krismasi na lafudhi mpya. Mama anatoka alfajiri na beseni lake la dagaa, anarudi jua limezama, miguu imevimba, anakula na kulala. Shuleni mimi ndiye wa kuchekesha watu. Namuigiza mwalimu wa zamu, namuigiza mchungaji akiomba sadaka mara ya pili, darasa linaanguka. Halafu kengele inalia, kila mtu anashika njia yake, na mimi nafika nyumbani, nagonga mlango wangu mwenyewe, nasema "Hodi!" nabadilisha sauti najijibu "Karibu, pita ndani," ndipo nafungua kufuli. Mzaha huo haukuwa na watazamaji lakini niliufanya kila siku.

Kwa hiyo samaki niliwatunza. Tatizo ni kwamba niliwatunza sana. Kila nikitoka shule nakuta maji yamepungua, kidole kimoja, wakati mwingine viwili, maana kipasha maji kinafanya kazi na juu pako wazi. Najaza. Na kwa kuwa ni samaki wa maji ya chumvi, najaza kwa maji ya chumvi. Hesabu rahisi, si ndiyo? Mshale ukawa unapanda, umetoka kwenye kijani, unaelekea juu, na mimi nafurahi, nikidhani mshale ni kama alama za mtihani, ukipanda ndio umefaulu. Ile paketi baba aliyosema ni ya miezi, iliisha kwa wiki tano.

Ndipo samaki wakaanza kuzubaa. Walikaa chini kwenye kona, mashavu yanakwenda haraka haraka, chakula kinapita mbele yao kama hawakijui. Ilikuwa Jumatano, na baba alikuwa ametuma ujumbe kwa simu ya mama kwamba Jumamosi lazima aje. Nikachungulia paketi, tupu. Nikakumbuka kimfuko cha chumvi ya babu kilichobaki stoo.

Mengine nimeshakueleza, na mwiko wake.

Maji yakawa na rangi ya chai iliyorudiwa. Alhamisi mchana konokono wote wanne walikuwa wameachia kioo na kuanguka, wamelala chali juu ya mchanga. Ijumaa nilitoroka kipindi cha mwisho, nikamkuta samaki mdogo anaelea ubavu mmoja, jicho moja linaangalia dari. Yule mkubwa alikuwa hai, lakini kwa shida, amejibana nyuma ya pampu. Nilimtoa mdogo kwa kikombe, nikamweka kwenye kiganja. Mwepesi mno. Nilikaa naye hapo sakafuni na sikupata cha kuchekesha.

Siku hiyo mama alirudi mapema, dagaa wameisha. Aliniona, akaweka beseni chini, akamchukua yule samaki, akamfunua shavu kwa ukucha kama afanyavyo sokoni.

"Huyu amekufa leo asubuhi," akasema. "Umemlisha nini?"

"Chumvi ya babu."

"Ya ng'ombe?"

"Ndiyo, mama."

Nilingoja kofi. Badala yake alifungua kabati, akatoa karatasi iliyokunjwa ambayo baba aliiacha, yenye namba ya yule aliyemuuzia. Akapiga, akanipa simu, akaenda kuosha beseni.

Yule mzee wa Mwanza alinisikiliza mpaka mwisho. "Kijana," akasema, "maji yakipungua kwa joto, chumvi inakwenda wapi?"

"Inaondoka na maji?"

"Ulishaona mama yako akichemsha mchuzi ukapungua? Unakuwa na chumvi zaidi au pungufu?"

Nikaelewa hapo hapo, na nikatamani nisingeelewa. Maji huondoka, chumvi hubaki. Kila kidole cha maji nilichojaza kwa chumvi kilikuwa kinawaongezea mzigo. Walikuwa wanazubaa kwa kuzidiwa chumvi, na mimi nikawaongezea chumvi, tena ile iliyochanganywa madini ya kumtia ng'ombe nguvu. "Hayo madini konokono hayawezi hata kidogo," akasema mzee. "Kwa ng'ombe ni dawa. Kwa konokono ni sumu. Una maji ya bomba yaliyolala kwenye ndoo?"

"Ya tangu jana."

"Ndoo imewahi kuona sabuni?"

Hiyo haikuwahi, ila ile nyingine ya kutolea maji ni ya kufulia, kwa hiyo nikamuuliza mama kwa mbali kama lile beseni lake la dagaa lina sabuni. Akajibu kwa ukali kwamba beseni lake ni safi kuliko kichwa changu. Mzee alisikia, akacheka, akasema beseni la dagaa hapana, tafuta ndoo mpya.

Akanipa kazi. Toa ndoo moja tu, si zaidi, rudisha maji matupu ya bomba yaliyolala, yakiwa vuguvugu sawa na ya tangi. Mimina taratibu kama unamnywesha mgonjwa. Subiri. Jioni toa kidogo tena. Usiyabadilishe yote mara moja hata ukiona huruma, atakufa kwa mshtuko. Sifongo ya chujio iliyo ndani ya pampu isuuze kwenye yale maji uliyoyatoa, usiipeleke bombani, kuna vijidudu vyema humo vinavyokula uchafu wa samaki. Mshale ukirudi kwenye kijani, kuanzia hapo badilisha kwa maji ya chumvi, na hiyo chumvi uikoroge kwenye ndoo siku moja kabla, kamwe usiimwage juu ya samaki. Na maji yakipungua kwa joto, jaza kwa maji matupu. "Matupu, kijana. Andika."

Niliandika kwenye mkono, kalamu ya bluu, toka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Akasema atanitumia paketi ya chumvi kwa basi la asubuhi.

Jumamosi asubuhi mama alikwenda sokoni kama kawaida. Mimi nilimzika samaki mdogo na konokono nyuma ya choo, nikafuata paketi stendi kwa bodaboda, nikarudi, nikatoa maji, nikarudisha maji, nikasoma mshale, nikakaa. Mchana umeme ulikatika pampu ikasimama, nikachota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena humo humo toka juu ili yapate hewa, mara mia sijui, mkono ukaisha nguvu nikabadilisha mkono. Saa tisa umeme ukarudi. Saa kumi yule samaki alitoka nyuma ya pampu. Aliogelea mpaka katikati, akageuka, akala punje moja ya chakula, akaitema, akaila tena. Nilipiga kelele peke yangu sebuleni. Halafu nikaanza kutunga maneno ya kumwambia baba kuhusu yule mwingine. Nilitunga matatu. Moja lilikuwa la kuchekesha.

Nilifagia. Nikaweka viti viwili mbele ya kioo.

Mama alirudi saa kumi na mbili, baba bado. Simu ikaita akiwa anavua viatu, akanipa. Ilikuwa na kelele za mashine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mura, niko huku Serengeti, upande wa Kisaka. Pametoka dhahabu pengine huku, watu wote wamehamia. Tuko karibu kabisa na mwamba. Wiki hii sitoki."

"Na ijayo?"

"Tutaona ijayo. Samaki wapo?"

Nikaangalia kioo. "Wapo," nikasema.

"Safi sana. Haya, mwambie mama yako nitatuma kitu." Akakata.

Niliishika ile simu mpaka kioo chake kikazima. Nilikuwa nimetoa maji siku mbili ili baba awe na sababu ya kuja. Sababu ilikuwa hai, inaogelea pale, na yeye hakuja. Hata nilipomdanganya hakuuliza wanakula au hawali. Ingekuwa tangi tupu angesema "safi sana" vile vile.

Nikamwambia mama yote, haraka haraka, nikijaribu kuigiza sauti ya baba na zile kelele za mashine. Sauti ikakatika katikati ya mzaha, nikageukia ukutani.

Mama alimaliza kuvua kiatu cha pili. Akavuta kiti kimoja kati ya vile viwili, akakaa, akanyoosha miguu yake iliyovimba mpaka karibu na kioo. Alimwangalia yule samaki muda mrefu. Kisha akasema hivi, neno kwa neno:

"Kesho nikitoka kanisani siendi sokoni. Tutabadilisha hayo maji wote wawili, halafu nikae na mimi nimwangalie. Ila usinichekeshe nikiwa nimebeba ndoo, mura. Nitakumwagia."