Pamba ya Gujarati, Barazani Kamembe

Pamba mpya ina harufu yake, ya wanga na vumbi linalokwaruza pua. Utoto wangu ulinuka hivyo. Papa alikuwa fundi cherehani hapa Kamembe, kwenye baraza ya duka la Bwana Kanji, Mhindi wa Gujarati. Mteja akishanunua kitambaa ndani, anageuka mlangoni tu, Papa anampima palepale. Maman alikufa kwa homa nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo nililelewa chini ya meza ya cherehani, nikiokota vifungo na kusikiliza sifa za Gujarati. Shule niliishia darasa la tatu, lakini nchi ile naijua kama niliyezaliwa huko.

Bwana Kanji alikuwa hachoki. Kwao, alisema, chumvi imelala chini kama sakafu, nyeupe mpaka macho yanauma. Pamba inajaza mashamba, mafundi wanachonga almasi ndogo kuliko punje ya ulezi, wanawake wa vijijini wanapeleka maziwa asubuhi na jioni mpaka yanakuwa mto. Na msimu wa sikukuu wanacheza duara kila usiku kwa siku tisa, vibibi kwa wasichana. Papa alikuwa anamjibu bila kuinua macho: "Hata sisi tuna sambaza, dagaa wa ziwa la Kivu, na mchele wa Bugarama. Na kule Nyakabuye maji yanatoka ardhini ya moto, bila kuni."

"Maji moto! Simba iko? Kwetu simba iko, fundi!"

"Simba si mali, Bwana Kanji. Simba ni matatizo." Wakacheka wote wawili, na baraza nzima ikacheka nao.

Halafu zikaja mvua zile za mwaka wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Sisi tulikuwa Watutsi. Waislamu, ndiyo, watu wa Kiswahili, lakini kwa waliokuwa wanaua hilo halikubadilisha kitu. Barabarani waliweka bariyeri, magogo na vijana wenye mapanga, na maiti zikawa zinalala mfereji mmoja na maganda ya miwa. Wageni walikuwa bado wanapita kwenda Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Bwana Kanji akaleta kamionete yake mpaka barazani, akafunua turubai. Alikuwa ameacha nafasi katikati ya majora ya kitambaa, ya kutosha Papa na mimi.

"Panda, fundi. Leta mtoto. Leo, si kesho."

Papa akaonyesha nguo zilizoning'inia kambani, za Idi, za ubatizo, nyingine hazina hata mikono. "Hizi nguo za watu nitaachia nani? Na mimi nimepima viuno vya mji huu wote. Nani atanikata?"

"Wewe kichwa ngumu kama jiwe! Nguo watu watavaa, wewe utakufa!"

Papa akatikisa kichwa. Kwa fundi wa baraza, kukimbia na kitambaa cha mteja ni wizi, na kukiacha bila kushona ni aibu. Bwana Kanji alimtupia ufunguo wa duka, akalia kama mtoto, akaondoka. Hatukumwona tena.

Waliokuja nawataja, maana wapo wanaopenda kusema "watu wabaya" kana kwamba waovu hao hawakuzaliwa na mtu. Alikuja Anastazi, mchoma matofali wa Giheke, baba yake Eriki, na Visenti, muuza bia wa Gihundwe, na kundi nyuma yao. Ilikuwa mchana mweupe. Papa alikuwa amenifungia dukani, nikachungulia kwenye ufa wa mlango.

"Fundi, pantalo yangu iliisha?" Anastazi aliuliza, panga kwapani.

"Iliisha, Papa Eriki. Jaribu."

Akaivaa suruali hiyo juu ya ile aliyokuwa nayo, kisha akasema inabana kiunoni. Ingekosaje kubana? Papa akapiga magoti, pini mdomoni, aanze kuifungua mshono. Visenti akampiga panga shingoni kutoka nyuma. Papa hakupiga kelele, alikuwa na pini mdomoni. Alipoanguka, Anastazi aliruka nyuma akapaza sauti: "Utanichafulia pantalo!" Wengine wakacheka, wakamkatakata mbele ya cherehani yake.

Walipovunja mlango nilikuwa nimejipenyeza nyuma ya marobota ya pamba. Visenti alichukua mkuki, akaanza kuyachoma moja moja. Mchomo wa tatu au wa nne, sijui, uliniingia pajani. Niliuma kitambaa. Aliuchomoa, na pamba ile iliyobanwa sana ikaipangusa damu yangu njiani, ukatoka msafi. Akaenda kupakia majora. Jioni jirani mmoja muuza mandazi alinibeba ndani ya gunia la unga.

Kwenye gacaca, mahakama ya wanakijiji, pale nyasini, Anastazi alisimama akasema yeye hakuua, alifuata pantalo yake tu. Alifungwa, akatoka. Sasa amehamia Gihundwe, anaota jua na kunisalimia "Amakuru, mama," na serikali inataka nijibu. Najibu. Visenti alifia Kongo, hakuna aliyemuuliza.

Binti yangu yuko chuoni Gujarati. Nilipigana apelekwe huko huko. Kwenye simu alinionyesha ile chumvi, nikalia. Lakini pia alisoma, akanisomea, kwamba huko nako watu waliwahi kuchomana moto, Wahindu na Waislamu, majirani waliokuwa wanauziana maziwa. Sikulala. Nikampigia nikamwambia: mwanangu, sikukatazi sherehe wala marafiki, ila siku majirani wakianza kukutazama vibaya, ondoka saa ile ile, uache hata chakula motoni.

Akacheka. "Maman, hapa ni Gujarati! Watu wananipenda, wananijua."

"Hata sisi," nikamwambia, "tulikuwa Kamembe."