Majokofu Manne ya Mjomba Thaddeus

Mjomba Thaddeus Pruitt siyo ndugu yangu wa damu. Yeye ni mpiga besi wa kanisa letu hapa Akron, mimi napiga drams, na miaka mitatu nimekaa mbele ya spika zake kama mtu aliyekaa mbele ya treni. Meno yanacheza mdomoni. Mwanzoni nilidhani naumwa.

Spika zenyewe ni majokofu manne. Ndivyo wapiga besi wanavyoyaita, maana kila moja linakufika kidevuni, na kulibeba ni watu wawili na matusi. Aliyachukua kwenye ukumbi wa kuteleza na viatu vya magurudumu, ulipofungwa. Akayaunga na amplifaya mbili, jumla wati elfu sita. Kanisa letu lina viti mia na arobaini! Mkewe ameegesha gari kwenye theluji misimu kumi na moja ya baridi mfululizo kwa sababu gereji ni ya majokofu. Siku anastaafu kiwanda cha matairi walimkatia keki, wakamwomba aseme neno, akaongelea spika.

Ukimwuliza wati zote hizo za nini, ana jibu lake.

"Lori lenye nguvu halikoromi likipanda mlima, Jerrica. Nguvu ni akiba. Unakuwa nayo ili usiitumie."

Ila anaitumia! Jumapili moja alitikisa mpaka maji ya kisima cha ubatizo yakamwagika, na hakukuwa na mtu ndani.

Basi mwaka huu Mchungaji Whitlow kaleta fundi mitambo mpya, na huyo akaja na mpango wake: madhabahuni hakuna amplifaya tena. Waya wa besi unaenda moja kwa moja kwenye mashine ya sauti, wapigaji wote wanavaa visikilizio masikioni, kimya kama maktaba. Mjomba alisikiliza kama mtu aliyeambiwa chakula cha Pasaka atanusa tu. Akaomba nafasi moja ya kujitetea.

Mchungaji akampa. "Jumamosi ya wapiga besi. Mama Arvella ataimba bila maiki, wewe utampigia na hayo madude yako. Nikisikia kila neno lake, yanabaki. Nisiposikia, yanatoka, na sitaki kesi."

Mama Arvella ana miaka themanini na nane. Sauti yake ni kama uzi.

Jumamosi ya wapiga besi ni mambo yetu ya kila Mei. Wapiga besi wa makanisa ya huku wanaleta mitambo yao kwetu, wanaipanga ukutani, wanatambiana mchana kutwa, na kina mama wako ukumbi wa chini wanakaanga kambare. Mwaka huu Vernell Gaddis alitoka Cleveland na majokofu sita. Sita! Ndani ya gari la kubebea mikate.

"Mzee Pruitt," akasema, anazunguka vitu vya Mjomba mikono mgongoni, "hivi ni spika au umehama na kabati za mkeo?"

"Kabati zangu zinafanya kazi. Za kwako zimekuja kutalii."

"Wati ngapi?"

"Elfu sita."

"Aa. Mimi hiyo ndo ya kusafishia koo."

Watu wakacheka. Mimi damu ilishaanza kuchemka, na hata sikuhusika.

Saa saba Mchungaji akakaa kiti cha nyuma kabisa. Mama Arvella akasimama, mkono kwenye mkongojo. Mjomba akashusha vidude vyote vya sauti karibu mpaka chini, akaniangalia. Nikaweka fimbo pembeni, nikachukua burashi, zile za kupigia drams kwa upole.

Jamani. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Alipiga taratibu, na majokofu manne hayakupiga kelele, yalipumua. Sauti ilitoka sakafuni, ikapanda kwenye kiti changu, ikakaa kifuani kama mkono wa mama. Na juu yake kila neno la Mama Arvella lilisikika, hata pale anapovuta hewa. Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Nikamwona Mchungaji nyuma kule kafumba macho.

Kumbe mzee alikuwa anasema kweli miaka yote hii!

Ubeti wa tatu Vernell akanisogelea, akaniinamia sikioni.

"Binti, hizo drams unapiga au unapapasa paka?"

Nilitakiwa nikaushe. Ubeti mmoja tu ulikuwa umebaki. Lakini mimi mtu akinigusa hapo, sina breki. Nikatupa burashi, nikashika fimbo, nikashusha mguu kwenye ngoma kubwa kama navunja mlango. Na Mjomba, mkono wake ukaenda kwenye kidude. Hakufikiria hata. Drams zikipanda, besi inapanda, miaka arobaini mkono wake haujui kitu kingine.

Wati zote elfu sita zikaja. Madirisha yakalia. Mama Arvella mdomo ukawa unafunguka, hakuna neno. Halafu taa zikazimika, besi ikafa, na huko chini nikasikia mwanamke anapiga kelele, "Samaki wangu!" Vikaango na amplifaya vilikuwa njia moja ya umeme.

Mchungaji akasimama. "Thaddeus?"

Nikafungua mdomo. Mjomba akawahi.

"Mkono wangu uliteleza, Mchungaji."

"Yatoe."

Tulivyokuwa tunayasukuma kwenye gari nikamvaa. "Kwa nini hukusema ni mimi? Mjomba, ni mimi!"

"Sukuma upande wako, linaegemea."

"Nakuuliza!"

"Wewe ulipanda, mimi nikakufuata. Mwenye kidude ni nani?"

Jumatatu nikaenda mwenyewe kwa Mchungaji, nikamwambia yote, na Vernell na paka wake. Akanisikiliza vizuri tu. Halafu akasema ameshaagiza boksi la plastiki la kuzungushia drams, basi nitakaa humo.

Jumapili nikakaa humo, kama keki ya dukani. Mjomba yupo hatua tatu kutoka kwangu, visikilizio masikioni, waya mmoja mwembamba unatoka kwenye besi unaingia sakafuni. Vidole vinakwenda. Mguu wake unapapasa zulia, unatafuta mtikisiko. Namsikia masikioni kama mtu anayeongea kwenye simu.

Baada ya ibada Mama Arvella akanishika mkono mlangoni.

"Thaddeus anaumwa?"

"Hapana, Mama. Alikuwepo. Kapiga nyimbo zote."

"Kapiga?" Akajishika goti, akalibonyeza. "Mbona hakunifika hapa?"