Fortunata na Bwawa la Pito

Watu wa Pito walilizoea lile bwawa la kuogelea bila kuona mtu akiogelea ndani yake. Ufipa ni baridi. Mwezi wa saba upepo wa asubuhi hukata masikio, na mtu mzima huoga maji ya moto au haogi. Lakini Obed, aliyetajirika pale serikali ilipoachia biashara, akapeleka mahindi Tunduma kwa malori yake na kurudi na marobota ya mitumba, alijenga nyumba ya mapumziko juu ya mteremko na kuchimba bwawa la vigae vya bluu. Kwa kuwa ardhi ilishuka, upande wa chini ukuta wa bwawa ulisimama nje kama ukuta wa nyumba. Yeye na familia yake waliishi Dar es Salaam. Walikuja Krismasi, wakakaa juma moja, wakaondoka.

Aliyebaki na maji hayo ni Fortunata.

Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu. Mumewe, Kasmir, alikuwa karani katika shirika la umma mpaka shirika lilipouzwa na wafanyakazi wakapunguzwa. Akashuka Kasanga, ziwa Tanganyika, kununua dagaa na kuwapandisha Sumbawanga. Siku moja mtumbwi ulipinduka. Wenzake waliokotwa, wengine hai, wengine maiti. Kasmir hakuonekana. Matanga yalikaliwa bila kaburi. Mama yake, bibi Bertilla, hakulia hata kidogo. Alisema mwanawe bado yuko majini, na akitoka atataka nguo kavu. Akakunja suruali na shati lake, akaviweka kwenye kikapu.

Fortunata alihamia chumba cha uani kwa Obed pamoja na mama mkwe wake. Alifundishwa kazi akaishika upesi: kuokota majani ya mikaratusi kwa wavu wa mpini mrefu, kusugua vigae, kuwasha pampu, kutia dawa ya kusafisha maji. Katika miaka ile ya mwanzo maji yalikuwa meupe kiasi kwamba ukiangusha sindano ungeiona sakafuni. Bertilla alikuja mara moja tu, akachungulia, akaona sakafu tupu, akarudi zake kuchambua maharage.

Kisha familia ikaacha kuja. Krismasi moja ikapita, na ya pili. Ilisemekana biashara ya Obed imeyumba. Dawa ikaisha, haikuletwa nyingine. Pampu ikakohoa asubuhi moja, ikanyamaza, na fundi wa mjini akasema kipuri chake hakipatikani huku. Mvua zilipoisha, maji yakawa ya kijani. Kiangazi kilipoingia yakawa meusi. Fortunata aliendelea kuyavua majani, lakini wavu ulikuwa ukizama na kupotea machoni kabla mpini haujafika nusu. Siku moja ulinasa kitu kizito. Alivuta, kikaja taratibu, kikageuka. Kilikuwa mbwa wa jirani, amevimba. Alimzika mwenyewe nyuma ya mikaratusi, na tangu siku hiyo kila wavu ulipokuwa mzito aliuvuta akiwa amegeuza uso.

Ndipo Bertilla alipoanza kukaa pale.

Alikuja na kigoda chake na kikapu cha nguo, akaketi ukingoni kabisa. "Kasmir, baba, toka," aliita kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto kula. "Toka, maji ya baridi hayo. Utapata homa."

"Mama, Kasmir hayupo humo," Fortunata alimwambia.

Bibi akamtazama bila hasira. "Wewe umeona chini?"

Fortunata aliyatazama maji. Hakuna aliyeona chini tangu mvua zilipoisha.

Alikata matawi ya miiba akayazungusha bwawa lote. Aliporudi kutoka shambani alikuta yamepangwa kando, moja juu ya jingine, kwa unadhifu kama kuni za harusi. Vidole vya bibi vilikuwa vinatoka damu. Alikuwa ameketi palepale, vidole vya miguu vimegusa maji.

Siku iliyofuata Fortunata alikwenda mjini kwenye ghala la Obed, akaomba apigiwe simu Dar es Salaam.

"Bosi, naomba ruhusa ya kulimwaga bwawa. Maji yameoza, na mama yangu ana matatizo ya kichwa. Naogopa."

"Fortunata, usinifanyie hivyo," Obed alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala. "Naiuza nyumba. Mnunuzi anakuja. Bwawa likikaa tupu linapasuka, halafu nani atanunua shimo? Mfungie mama ndani."

"Mama wa mtu nimfungie kama mbuzi?"

Simu ilikatika, au Obed aliikata. Fortunata alirudi Pito kwa miguu. Hakumfungia bibi. Alihamishia kazi zake zote pale ukingoni: aliosha vyombo pale, akapepeta ulezi pale, macho yake yakienda kwa bibi, kwenye maji, kwa bibi.

Lakini mtu hawezi kulinda kila saa. Asubuhi moja ya ukungu, bomba la uani likiwa halitoi, alikwenda kuteka maji kijitoni. Aliporudi, kigoda kilikuwa ukingoni. Kikapu kilikuwa kando yake. Bibi hakuwepo.

Aliita. Alizunguka nyumba, akaingia jikoni, akaingia chooni, akarudi. Maji yalikuwa yametulia kabisa, meusi, na majani yaliyotanda juu yalikuwa yameachana katikati, pamebaki mwanya wa ukubwa wa mtu.

Alipiga ukunga. Wa kwanza kufika alikuwa Jastin, jirani aliyelima kabichi chini ya mteremko. Alichukua mpini wa wavu akachokoa huku na huku, lakini haukufika chini. Hakuna aliyekuwa tayari kujitosa katika maji yale. Valvu ya kutolea maji ilikuwa imekula kutu, haikugeuka hata kwa nyundo.

"Tuyamwage," Fortunata alisema.

"Bosi wako atasemaje?"

"Yamwagwe, Jastin."

Jastin alileta mpira wake wa kumwagilia, akafyonza ncha yake mpaka akatapika, maji yakaanza kushuka kwenye kabichi. Wengine walileta ndoo na madebe. Walisimama mstari, wakachota, wakamwaga, na hakuna aliyeimba. Vigae vilianza kutokea kimoja kimoja, vimevaa utelezi. Kila safu iliyotokea watu waliinama, wakatazama, wakaendelea. Mwanamke mmoja alianza kusali rozari chini chini. Jua lilikuwa limepinda pale mtu aliposema, "Kuna nguo."

Ilikuwa kwenye kona ya upande wa kina kirefu, nyekundu, inayumba kidogo. Bibi alikuwa na blanketi jekundu. Fortunata alishuka ngazi ya chuma mwenyewe. Jastin alitaka kumtangulia, akamzuia. Matope yalimfika mapajani. Alipapasa, akashika kitambaa, akavuta kwa kadiri alivyoweza kuvuta huku amefumba macho. Kikaja chepesi. Lilikuwa taulo la watoto wa Obed, la Krismasi ya zamani.

Aliendelea kupapasa matope yale kwa mikono mpaka akayamaliza yote. Vyura, majani, kiti cha plastiki kilichovunjika. Basi.

Alikuwa bado amekaa sakafuni pale mkokoteni wa ng'ombe ulipoingia uani. Masalu, Msukuma aliyehamia na mifugo yake upande wa bondeni, alikuwa amembeba bibi Bertilla juu ya magunia.

"Nimemkuta anaokota kuni kwenye mashamba yetu," alisema. "Nimemuuliza kwao wapi, hajui. Njiani nikaambiwa huku mnatafuta mtu."

Watu walicheka kwa furaha, wengine wakalia. Bertilla hakuwaangalia. Alishuka, akaenda moja kwa moja ukingoni, akatazama chini. Alitazama kona moja moja, taratibu, kama anayetafuta sindano. Kisha akaokota kikapu chake.

"Hayumo," alisema. "Basi yuko kule." Na akageuza uso magharibi, kulikokwenda barabara ya Matai na ziwani.

Tangu hapo kila kulipokucha Fortunata alimfuata njiani, akamkuta na kikapu kichwani, akamrudisha. Kila mara alimkuta mbali zaidi. Obed alipopata habari alituma neno: bwawa lijazwe kabla mnunuzi hajafika. Fortunata alichukua mpira wa Jastin, akauchomeka kwenye bomba la uani, akalifungulia. Maji yalipoanza kufunika sakafu, Bertilla alitoka chumbani na kigoda chake, uso umechangamka.

Fortunata alielewa kwamba angeweza kumzuia bibi asiende ziwani kwa kumjazia maji haya. Angekaa hapa, karibu, miaka yote iliyobaki, ukingoni. Aliuangalia ule uso uliochangamka. Kisha akafunga bomba.

Alikabidhi funguo ghalani, akapanda lori la Kasanga na mama mkwe wake. Walipokewa na Silvana, mwanamke aliyekuwa akimpangisha Kasmir. Siku ya kwanza Bertilla aliingia ziwani mpaka magotini, Fortunata akiwa ameishika kanga yake kwa mikono miwili. Aliita mara kadhaa. Mawimbi yakaja, yakarudi. Aliyatazama maji mpaka upeoni.

"Haya ni mengi," alisema mwishoni. "Haya hatuyawezi kuyamwaga."

Akalia hapo, ndani ya maji, kilio kilichokuwa kimekawia miaka yote ile. Hakuita tena. Alikaa Kasanga mpaka mvua, daima akiwa ameupa mgongo ule upande wa ziwa, na akafa kitandani, akazikwa mlimani, mbali na maji.

Fortunata alibaki akiuza samaki wa kukaanga. Mwaka uliofuata Jastin alipita na habari za Pito. Mnunuzi hakuja. Geti lilikuwa limeibwa. Mvua zilikuwa zimelijaza bwawa mpaka ukingoni, maji meusi kama zamani, na watoto wa shule walikuwa wakikatisha pale.

"Nani analitazama?" Fortunata aliuliza.

"Nani? Hakuna mtu."

Alimwachia Silvana karai lake, akapanda lori la kurudi. Alifika Pito mchana, akaazima mtaimbo, akashuka upande wa chini ambako ukuta ulisimama nje. Hakuomba ruhusa ya mtu. Jastin aliyemfuata aliona amejifunga kanga kiunoni, anapiga pigo baada ya pigo, vumbi la saruji limemjaa usoni. Palipotoka ufa wa kwanza maji yaliruka kwa nguvu, yakamwangusha chali kwenye majani. Aliinuka, akaufuata mtaimbo wake, akaendelea kupiga.