Vijineno vya Ngege wa Mama

Masomo ya jioni niliyamaliza Mkolani nikiwa tayari na ndevu, na hesabu niliipenda mpaka nadhani hata nzi wa darasani walifaulu. Hesabu hiyo ndiyo ilinipatia kibarua cha kompyuta kwenye maabara moja ya samaki hapa Mwanza.

Siku hiyo bosi akaniita. "Bwawa la mama yako kule Misungwi. Kama wale ni ngege halisi, samaki wa asili wa ziwa letu, tunachukua mbegu ya kufuga. Kama wamezaliana na sato wa kuletwa, tutamshauri alikaushe."

Alikaushe! Bwawa lililochimbwa na marehemu babu kwa jembe la mkono!

Tukakata vipande vya mapezi ya samaki kumi wa bwawa hilo. Mashine ikasoma vinasaba vyao: herufi nne tu, A, C, G na T, zimejipanga mstari wa kufika Kigongo na kurudi. Kazi yangu ilikuwa kutafuta vijineno vya herufi sita vinavyomtambulisha ngege. Nikahesabu kinachojirudia kuliko vyote kwa ngege halisi tuliokuwa nao maabara, nikakipata, nikaruka nusura nitoboe dari.

"Na kwa sato?" bosi akauliza.

Nikahesabu. Kimejaa vilevile, kama dagaa.

Jumamosi nikaenda nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umenuna kama umenyang'anywa ugali?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akaitua ndoo ya maziwa. "Wewe ni Msukuma kweli? Ng'ombe akipotea, unamwambia jirani ana pembe na mkia? Si wote wanavyo! Unataja baka jeupe chini ya jicho, analetwa siku hiyohiyo."

Jumatatu sikunywa hata chai. Nikatafuta mabaka: vijineno vinavyojitokeza kwa ngege mara nyingi kuliko ambavyo bahati tupu ingeviweka, na kwa sato havionekani. Vikajitokeza! Nikavipeleka kwa wale kumi wa mama. Ngege, ngege, ngege... tisa! Wa kumi, sato mtupu.

Bosi akanipa mkono. "Hawajazaliana na sato. Mbegu tunachukua. Mtoeni huyo mgeni, bwawa libaki."

Nikampigia mama, napiga kelele mtaa mzima unasikia. "Ila huyo wa kumi kaingiaje?"

"Pasaka ulileta sato hai kutoka Kigongo, ukawatia bwawani wasife kabla ya sikukuu. Ulileta wangapi?"

"Saba."

"Na ulivua wangapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Sita, mwanahesabu wangu. Njoo na nyavu."